Nitajie Aliyefunga, Nikae

Habari zote mbaya alizowahi kupata Verna Stuckey zilianza na maneno mawili: "Kaa kwanza."

Lyle, mumewe, alimwambia akae kwanza, wakiwa jikoni, viazi vikiwa bado vinatokota. Alipokaa, akaelezwa kwamba kuna mwanamke mwingine na kwamba wanahamia Florida. Mabosi wa kiwanda cha majokofu nao waliwapangia wafanyakazi viti, wakawaletea keki iliyoandikwa "Asanteni", wakawaomba wakae kwanza. Verna akakaa, akala keki, na kabla hajafuta krimu mdomoni kiwanda kilikuwa kimeshaenda Mexico. Daktari wa nyonga naye hivyohivyo: kaa kwanza, mama. Ikafika mahali mtu akimkaribisha kiti, yeye anatafuta mlango ulipo.

Ni mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyewahi kumwambia akae, napo ni kwenye jumba la mpira wa kikapu la Chuo cha Tilden, pale Mount Ferris, Indiana. Tilden watu hukaa wenyewe, tena kwa sababu. Mchezo unaanza mashabiki wote wamesimama, wanapiga makofi kwa mpigo mmoja, na hakuna anayeshusha makalio mpaka Nungunungu, maana ndivyo timu inavyoitwa, wafunge kikapu chao cha kwanza. Mtupo wa adhabu hauhesabiki. Wakichelewa kufunga, mtasimama. Na kwa kuchelewa, Nungunungu hawana mpinzani.

Verna alikuwa na kiti chake safu ya tano, katikati kabisa, hichohicho ambacho baba yake, dereva wa gari la maziwa, alimsimamisha juu yake akiwa mtoto ili aone juu ya makofia ya watu. Mume kahama, kiwanda kimehama, Nungunungu hawajahamia popote, hata kutoka mkiani mwa ligi. Verna aliliona hilo kuwa jambo la kusifiwa.

"Angalau najua pa kuwakuta," alizoea kusema.

Sasa kiti hicho kilikuwa kinaponyoka. Msimu huo safu ya sita, nyuma yake, alikuja kukaa bwana mmoja mpya, Trent Kessler, muuza magari, ndiye aliyekinunulia chuo ule ubao mpya wa matokeo unaowaka kama kanisa la Krismasi. Mchezo uliopita timu ilikawia mno, wachovu wakaanza kukaa mmoja mmoja, Verna akabaki amesimama, na Kessler akaandika malalamiko. Jumatatu yake mwanamke mwenye sauti ya asali akampigia Verna simu kutoka ofisi ya michezo. Lalamiko jingine moja tu la kuziba watu, alisema, na itabidi tukutafutie kiti kinachokufaa zaidi.

"Wapi huko?"

"Kona ya kaskazini, mama. Nyuma ya bendi."

Kona ya kaskazini. Kutoka kule unaona matako ya mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa, na nusu ya kikapu. Verna akajiambia kwamba safari hii atakuwa mtu mzima mwenye akili. Watafunga, atakaa, atafunga na mdomo wake.

Jumamosi wakaja Mbweha wa Lorrimer, mahasimu wa jirani, na theluji ikaanguka tangu asubuhi, na jumba likajaa vilevile, kwa sababu Lorrimer ni Lorrimer. Verna aliingia na fimbo yake na bisi zake. Jirani yake wa kiti cha kulia, Burl Hatcher, fundi bomba mstaafu mwenye tumbo la kuwekea sahani, alikuwa ameshafika.

"Nyonga inasemaje?" akauliza Burl.

"Inasema wewe umenenepa."

"Leo tunawafunga hawa."

"Ulisema hivyo hata nywele zako zilipokuwa zinajiandaa kuondoka."

Mpira ukarushwa juu. Jumba zima limesimama, makofi pa, pa, pa. Nungunungu wakakosa. Wakakosa tena. Mmoja alirusha mpira ukapita mbali na chuma, ubao na aibu, ukamwangukia mpiga filimbi wa bendi. Lorrimer wakafunga, wakafunga tena. Nyonga ya Verna ikaanza kuimba wimbo wake. Kisha Nungunungu wakarusha kwa mbali, mpira ukagonga chuma ukaruka, na beki mrefu wa Lorrimer, katika kuuchapa nje kwa papara, akauchapa ndani. Ukapita katikati ya nyavu kama barua inavyopita kwenye tundu la mlango.

Refa akanyoosha vidole viwili. Pointi mbili kwa Tilden. Watu wakacheka, wakapiga yowe, wakakaa. Jumba zima likashuka kama unga wa mkate uliotobolewa.

Verna hakukaa.

"Verna," Burl akasema kutoka chini. "Tumefunga."

"Nani kafunga?"

"Sisi."

"Sisi nani? Nimesikiliza tangazo. Mtangazaji kasema, 'Pointi mbili kwa Tilden.' Hakutaja jina. Tangu lini Tilden tunafunga bila jina?"

Burl akafungua mdomo, akautia bisi.

"Samahani, mama," ikasema sauti ya Kessler kutoka safu ya sita. "Kikapu kimeingia. Watu wote wamekaa."

"Nawaona, baba."

"Basi na wewe kaa."

Verna akageuka, polepole, kwa sababu nyonga haikumruhusu kugeuka kwa namna nyingine. Kessler hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na skafu mpya ya timu, mikunjo ya dukani bado haijatoka.

"Nitajie aliyefunga," akamwambia, "nikae."

"Ni... yule wa kwao. Namba arobaini na nne."

"Huyo mtoto wa Lorrimer. Hicho ni kikapu cha Lorrimer kilichopotea njia. Sijatoka kwenye theluji hii na mguu huu kuja kukaa kwa fadhila ya Lorrimer."

"Mimi nimelipia kiti ili nione mchezo."

"Umelipia chako uone. Hukulipia changu nikae."

Safu ya saba mtu akacheka, akajifanya amekohoa. Kessler akainua mkono kumwita msimamizi wa ngazi, na msimamizi wa ngazi alikuwa Wendell Pruitt, koti la njano, aliyewahi kumkanyaga Verna vidole vyote kumi kwenye dansi ya kumaliza shule na bado anaomba radhi.

"Verna," Wendell akanong'ona, akiwa amechuchumaa kama mtu anayenusa gesi. "Unajua walivyoniagiza. Akilalamika leo, wanakupeleka kona. Si mimi, ni wao. Kaa tu kidogo. Halafu wakifunga kweli, unasimama tena, unakaa tena. Nani atajua?"

"Mimi."

"Kiti cha baba yako, Verna."

Hapo alimpata. Verna akakitazama kile kiti, mbao yake imechakaa katikati kwa makalio ya familia moja. Angeweza kukaa. Sekunde mbili tu, na kiti kinabaki chake mpaka siku watakapomtoa mle kwa machela. Nyonga yenyewe ilikuwa inamsihi. Akaona keki ya kiwanda, zile herufi za bluu, na jinsi watu mia kadhaa walivyokaa kwa adabu kama watoto wa Jumapili kungoja kuambiwa kwamba hawana kazi. Hakuna aliyebaki amesimama siku ile. Yeye ndiye aliyeomba kipande cha pili.

"Wendell," akasema, "mwandikie huyo bwana lalamiko lake. Andika vizuri, jina langu lina herufi c kabla ya k, wengi huwa wanaisahau."

Akaugeukia uwanja, akaanza kupiga makofi. Pa. Pa. Pa. Peke yake katika jumba zima, mwanamke mmoja mwenye fimbo kwapani.

Kule chini Nungunungu wakakosa tena.

"Lakini hasa," Burl akasema baada ya muda, akizungumza na bisi zake, "kile kikapu kilikuwa cha nani?"

"Wewe kaa, Burl. Una tumbo la kuangalia."

"Nauliza tu. Maana hakina mwenyewe." Akatafuna. Akatazama ubao, akatazama mgongo wa Verna. "Mungu wangu, mwanamke huyu," akasema, akajivuta juu kwa kushika kiti cha mbele, magoti yakilia kama mlango wa ghala. "Mtu nilikuwa nimeshapata joto."

Akasimama Burl, ikawa kama ameziba dirisha. Waliokuwa nyuma ya Burl ikabidi wasimame ili waone, na waliokuwa nyuma yao vilevile, na wengine wakasimama kwa sababu ile hoja ilikuwa imewafikia: hakina jina. Ikazunguka jumba kwa kunong'onezana. Hakina jina, kile ni cha Lorrimer, simameni. Bibi mmoja wa upande wa pili alimwinua mumewe kwa kola. Mpiga ngoma wa bendi akaudaka mpigo wa makofi, na sasa hata wachezaji walikuwa wanatazama juu wakishangaa ni nini kimewapata watu wao, kwa nini wamesimama upya kana kwamba mchezo ndio unaanza.

Kessler akabaki ameketi, anatazama migongo. Kisha akasimama. Hakuwa na la kufanya; alitaka kuona.

Aliyefunga mwishowe alikuwa Odell Brandt, lile jitu la katikati ambalo mikono yake Verna alizoea kuiita mikate miwili. Odell aliudaka mpira karibu umponyoke, akaurusha akiwa ameegemea nyuma, ukagonga ubao mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeulenga, ukazunguka chuma, ukafikiri, ukaingia.

"Odell Brandt," mtangazaji akasema, akiivuta ile l mpaka darini.

Kelele zilizopigwa hapo zingefaa ubingwa. Nungunungu walikuwa nyuma pointi kumi na moja. Watu wakakumbatiana, kisha wakakaa, jumba zima, kwa pumzi moja ya raha.

Verna hakukaa.

"Ana jina sasa, mama," Kessler akasema. "Odell. Mimi mwenyewe nimelisikia."

"Nimelisikia."

"Sasa nini tena?"

"Nyonga imejifunga," Verna akasema. "Ningekaa kama ningeweza."

Burl akaanza kucheka mpaka bisi zikamwagika. Kessler akavuka ubao wa safu, akamshika Verna kwapa la kushoto, Burl la kulia, wakaanza kumshusha taratibu kama watu wanaoingiza piano dirishani.

"Bado nitalalamika," Kessler akasema, uso umewiva kwa juhudi.

"Lalamika, baba. Lakini shika vizuri."

Walifungwa, bila shaka. Jumatatu sauti ya asali ikapiga simu, ikaanza, "Bi Stuckey, umekaa?" na Verna akajibu kwamba amesimama, aseme tu. Ikasema.

Mchezo uliofuata alipanda ngazi za kona ya kaskazini kidogo kidogo, akiwa na fimbo na bisi, akakuta kiti chake cha plastiki nyuma ya mpiga tuba. Akakitazama. Akatazama nyuma yake. Hapakuwa na safu nyuma yake. Palikuwa na ukuta wa tofali, mkavu, uliopakwa rangi ya kijani ya Tilden. Akauegemea, nao ukaibeba nyonga vizuri kuliko daktari.

"Unaona kweli kutoka hapo, bibi?" mpiga tuba akamuuliza.

"Naona nusu. Kwa timu hii nusu inatosha. Na huyu wa nyuma yangu halalamiki."

Mchezo ukaanza, makofi yakaanza. Nungunungu wakapewa mtupo wa adhabu, ukaingia, na safu ya tano, kwenye kile kiti cha mbao, kijana mwenye kofia mpya akaanza kushuka kukaa. Verna akamwona Kessler, safu ya sita, akimgusa bega yule kijana na kunyoosha kidole kuelekea kona ya kaskazini. Kijana akatazama huko. Verna akatikisa kichwa, hapana, mara moja, kwa upana wa uwanja mzima.

Kijana akasimama.