Maranda ya Zamani

Kila asubuhi, kabla ya kushika fagio, mjane alifuta kwanza kibao cha USIVUTE SIGARA. Kilipigiliwa ukutani mwa ghala, palepale mumewe alipoungulia. Chini yake palibaki doa jeusi lililoshinda sabuni na brashi, naye alilizunguka asije akalikanyaga.

Mumewe hakuvuta sigara maishani mwake. Hata moshi wa jiko ulimbana kifua, ndiyo maana wenzake ghalani wakamwita Pumzi, wakimtania kwamba alioa ili apate wa kumpulizia moto. Mpakiaji aliyekuwepo siku ile alimnong'oneza mjane yote makaburini. Gunia la dawa ya bwawa la kuogelea lilipasuka, unga mweupe ukamwagika. Pumzi akauzoa na kuutia pipani kwa maranda ya mbao, yaleyale yaliyokwisha kunyonya oili chini ya mashine, kwa kuwa msimamizi hakutaka yatupwe. Pipa likafuka, kisha likalipuka. Hakuna aliyewasha kiberiti; dawa ile ikikutana na oili hujiwasha yenyewe.

Msimamizi alifika msibani mtulivu kama maji ya mtungini. Alisema kampuni inawafikiria watoto, na nafasi ya marehemu iko wazi.

"Ila shemeji, wakaguzi watakuuliza. Waambie alikuwa anavuta kwa kujificha."

"Hakuwa anavuta."

"Yeye hali tena. Watoto ndio wanaotaka kula."

Mnyonge hana haki. Mjane aliwaambia wakaguzi hivyo hivyo, mbele ya mama mkwe, ambaye hajamsemesha mpaka leo. Tangu aanze kazi ghalani husikia kikohozi nyuma ya magunia. Anakijua ni cha nani. Anaogopa, wala hageuki.

Leo gunia jingine la dawa ile limechanika. Msimamizi akamwagiza atumie maranda yaliyopo. Mjane akaomba mapya.

"Ya nini mapya? Haya yana nini?"

Jibu alikuwa nalo, akalimeza. Mwenyewe ndiye aliyeapa kuwa ilikuwa sigara.

Akayamwaga yale maranda meusi, yenye utelezi wa oili, akafagia, akazoa kila kitu akatia pipani. Alipomaliza alisimama akitazama. Moshi ulianza kidogo, mwembamba, ukapanda taratibu hadi kwenye kibao. Nyuma ya magunia mtu akakohoa.

"Nani anavuta humo ndani?" msimamizi aliuliza kutoka mlangoni.

Ghalani alikuwemo mjane peke yake.