Boti Mbili Kliniki

Ndoto hii haikungoja giza. Jana, baada ya chakula cha mchana, nilijinyoosha kwenye kochi nikaota nimerudishwa kliniki kupima uzito, mimi niliyestaafu unesi huu mwaka wa tatu, na kwenye mizani ya kuning'inia hayupo mtoto. Ipo boti.

Imevalishwa ile kaptura ya kitambaa ya kupimia watoto. Ni boti ya tanga, ile ndogo ya futi ishirini na moja ambayo mume wangu, Baba Kemi, kila mara huenda kuitazama kwenye klabu ya boti hapa Mwanza. Nyuma yake kwenye foleni iko ile nyingine, ya futi ishirini na nane, yenye jiko na choo chenye mlango. Inalia.

Niseme ukweli kabla sijafika mbali. Tulipooana tuliahidiana kwamba tukistaafu tutalizunguka Ziwa Viktoria wawili, kisiwa kwa kisiwa, mpaka kwetu Bukoba. Miezi mitano sasa ananiuliza, "Mama Kemi, nichagulie, ndogo au kubwa?" Nikisema kubwa, anaguna, kesho yake anarudi kuipima ndogo. Mimi huku nimejifunza mafundo manane ya kamba. Mwanamke wa miaka sitini na moja, nashinda nikifunga mafundo kwenye mguu wa meza.

"Kadi yako iko wapi?" naiuliza boti ndogo, maana kazi ni kazi.

"Anayo baba."

Baba Kemi amekaa kwenye benchi la akina mama, kadi mbili mkononi. Namuuliza habari za nyumbani. "Nzuri, nesi," ananijibu, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Mizani inakohoa. "Mtoto huyu hana tatizo," inasema. "Ila ni mwepesi. Mtu akikaa kushoto, kulia nako lazima kukae uzito uleule. La sivyo atalala ubavu."

"Kulia nitakaa mimi."

Mizani inageuzia mshale wake ukutani. Naijua namna hiyo ya kutazama pembeni. Nimewahi kuitumia mwenyewe kwa akina mama waliochelewa kuleta watoto wao.

Naigeukia boti kubwa. Inajifuta machozi kwa tanga lake. "Dada, mimi nina vitanda vinne," inasema. "Mtu akisimama ndani yangu hagusi dari. Kosa langu nini?"

"Labda umezidi uzito."

"Hata. Mimi nataka watu wawili, mmoja ashike usukani, mwingine avute kamba. Mwenzio alinipenda mpaka aliposikia wawili."

Foleni ni ndefu, na nesi halii mbele ya foleni, kwa hiyo naendelea kujaza kadi.

Nikiinua macho, kliniki haipo. Benchi limekuwa gati, sakafu imekuwa ziwa, na mimi bado nina koti jeupe na kalamu nyuma ya sikio. Boti ndogo inaelea. Baba Kemi ameshakaa kushoto, usukani mkononi. Kulia yamekaa madumu matatu ya njano, ya lita ishirini ishirini, yamejaa maji, na juu yake redio ya betri. Dumu la mbele limefungwa kitenge changu, kile nilichovaa kwenye harusi ya binti yetu Kemilembe.

"Hapo ni mahali pangu," naliambia.

"Shikamoo, mama," linasema dumu. Lina adabu, siwezi kulisingizia.

"Marahaba. Ondokeni."

"Tumeshapimwa, mama. Sisi watatu na redio, kilo sitini na mbili. Wewe nawe sitini na mbili. Hakuna kilichopungua."

"Mnajua kufunga fundo?"

"Hatujui."

"Kupika?"

"Hatujui. Ila hatuulizi."

"Hamuulizi nini?"

"Chochote."

Namtazama mume wangu. "Baba Kemi! Miaka thelathini na nne!"

Hakasiriki. Bora angekasirika. Ananieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mama Kemi, maji nitakuwa nayanywa. Kila siku yanapungua, boti inakuwa nyepesi, inakwenda vizuri zaidi. Wewe utabaki kilo sitini na mbili mpaka Bukoba."

"Na kulia kukishakuwa kutupu?"

"Nitahamia katikati."

Madumu yanatikisa vichwa kukubali. Nami, kwa mazoea ya kazi, nachukua kalamu nyuma ya sikio na kuandika kwenye kadi ya boti ndogo: anaendelea vizuri. Naandika huku nalia, tena mwandiko umenyooka kabisa. Naichukia mikono yangu kwa utiifu wake.

Niliamka saa kumi, shingo inauma kwa kulalia mkono wa kochi. Baba Kemi alikuwa mezani na rula yake na karatasi yake, miwani imemshukia puani. Hakuinua uso.

"Umeamka? Hivi, Mama Kemi, siku hizi una kilo ngapi?"

"Za nini?"

"Basi tu. Mahesabu ya boti."

Nitasema na hili, ingawa linaniaibisha. Nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi kama msichana aliyechumbiwa, nikajiambia, kumbe ndoto ni uzushi mtupu, mume wangu ananihesabu.

"Sitini na mbili," nikamwambia.

Akaandika. Akapiga mstari chini yake, akashukuru, akavaa kandambili na kutoka uani. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kochi niliposikia bomba likifunguliwa, na maji yakianza kulijaza dumu.