Shauri la Kikapu cha Mdomoni

Katika nchi ya Mfalme Kiboko, kila nafaka ilisagwa na punda, na kila punda alisaga akiwa amefungwa kikapu cha ukindu mdomoni. Amri ilisema ni kwa ajili ya usafi wa unga. Huenda aliyeitunga aliamini hivyo. Punda walizunguka jiwe kutwa nzima, kila mmoja akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake, kwa sababu aliyetoka nje ya mstari alichapwa.

Siku moja mdogo wake Punda Madoa aliteleza, mguu ukaingia chini ya jiwe. Alipiga kelele ndani ya kikapu. Hakuna aliyemsikia mpaka jiwe lilipokwama kwenye mfupa.

Madoa akaenda kwa Kobe, hakimu wa wilaya, kuvishtaki vikapu. Punda wote wa kinuni walimsindikiza. Katika nchi hiyo mlalamikaji hutia alama ya mguu wake kwenye bamba la udongo mbichi. Madoa akakanyaga.

"Shemeji, na sisi tumo," akanong'ona Kijivu ndani ya kikapu chake, mume wa yule aliyevunjika. Naye akakanyaga. Wakafuata wengine arobaini.

Kobe alisikiliza kwa miezi minne, kisha akaamua: punda wote wavuliwe vikapu. Kesho yake Mfalme akakata rufaa kwa Baraza la Korongo, na vikapu vikabaki midomoni hadi rufaa isikilizwe.

Wiki moja kabla ya rufaa kusikilizwa, Nguchiro, wakili wa Mfalme, alimfuata Madoa kinuni, akamvua kikapu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, Mfalme amekubali yaishe. Kuanzia leo wewe ni mtunza ghala. Mtunza ghala havai kikapu."

"Na wenzangu?"

"Tunaanza na wewe. Baraza likishakaa, nao tunawavua. Au unataka Mfalme apige magoti kwanza?"

Madoa aliuliza tena, mara mbili. Nguchiro akaapa kwa jina la mama yake. Punda wengine, midomo ikiwa imefungwa, wakatikisa masikio kwa furaha.

Mbele ya Baraza, Nguchiro alisema kwa ufupi.

"Waheshimiwa, mlalamikaji huyu hapa. Mtazameni mdomo. Analalamikia nini?"

Korongo Mkuu akainamisha shingo. "Kweli hana kikapu. Basi hakuna ugomvi wa kuamua."

"Mheshimiwa, wapo wenzangu arobaini na mmoja," akasema Madoa. "Nao walishtaki."

Bamba likaletwa. Korongo watatu wakaligeuza huku na huku. Palikuwa na alama moja tu, iliyozama kuliko kawaida. Punda walikuwa wamekanyaga kama walivyozoeshwa kinuni.

"Tunahesabu tunachokiona," akasema Korongo Mkuu bila ukali. "Rufaa hii haina uhai tena. Na kwa kuwa Mfalme hakupata nafasi ya kuipinga hukumu ya Kobe, si haki imfunge. Hukumu hiyo tunaifuta."

Madoa akamgeukia Nguchiro. "Uliapa kwamba Baraza likishakaa..."

"Niliapa kulipokuwa na kesi, mama. Sasa nimwambie Mfalme awavue kwa sababu gani?"

Madoa alirudi kinuni mbio, akamwendea msimamizi.

"Nifunge kikapu. Nirudishe kwenye jiwe, nikashtaki upya."

Msimamizi akacheka. "Umepandishwa cheo, bibi mkubwa. Nitakufungaje?"

Basi Madoa akaingia kwenye duara na kusimama mbele ya punda wa kwanza. Jiwe likasimama. Akawaeleza yote, ahadi na bamba na hukumu iliyofutwa, kwa sauti, maana ni yeye peke yake aliyekuwa nayo. Punda walimtazama. Walichokiona ni mdomo ulio wazi, na vumbi la unga wa ghalani kwenye manyoya yake.

Msimamizi hakuhitaji hata kuinua fimbo. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Kijivu. Aliweka paji la uso ubavuni mwa shemeji yake, akamsukuma taratibu mpaka nje ya duara, kisha akarudi mahali pake, akavuta.