Kupumzishwa Burslem

Avis Colclough alikuwa amepaka maua kwenye vikombe kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vyombo vya udongo, Burslem, Uingereza, Wamarekani walipokinunua. Meneja mpya, Bwana Lundgren, aliwaita wanawake sita wa brashi, Avis akiwemo, akawaambia kwa upole kuwa kampuni inawapumzisha.

Hakuna aliyeshtuka. Oda zikipungua unapumzishwa wiki mbili tatu, zikirudi unaitwa. Mama yake Avis alipumzishwa mara nne. Kiwanda cha jirani kilipomtaka, Avis alikataa. "Kazi ninayo," aliwaambia. "Nangoja kuitwa tu."

Wiki ya sita alichoka kungoja, akaenda mwenyewe. Meza yake haikuwepo. Mahali pake palisimama mashine ya kubandika maua.

Alimkuta Lundgren ofisini. "Nimekuja kuuliza tunarudi lini."

"Kurudi?" Lundgren alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Bi Colclough, niliwaambia siku ile. Tumewapumzisha."

"Ndiyo. Na tumeshapumzika."

Lundgren akaweka kalamu chini. Kwao Ohio siku hizi, alieleza huku sauti ikimpungua, ukiambiwa hivyo ndiyo basi, unatafuta kwingine. Alilichagua neno hilo kwa heshima, wasije wakaonekana wamefukuzwa kwa kosa.

Avis akakaa bila kukaribishwa.

"Kwetu hilo ni neno la kumwambia mtu angoje," alisema. "Kazi ikifa, tunasema nafasi imefutwa. Ungesema hivyo, leo ningekuwa na kazi."

Uso wa Lundgren ulikuwa umepauka. "Na wengine wanangoja?"

"Wote watano. Enid juzi kakataa kazi ya duka la mikate."

Avis hakuondoka mpaka barua za wote sita zilipoandikwa, yeye akimtajia maneno. Alizipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Enid aliisoma yake mlangoni, akairudia. "Shoga, si ndiyo habari ile ile?"

"Siyo, mpenzi. Hii haina kurudi."

Enid aliketi kizingitini, mikono ina unga. Avis akaketi kando yake.

Kwenye kiwanda cha jirani nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Avis alikaa bila kazi mpaka Oktoba, alipopata kibarua cha kupanga vigae. Brashi hakushika tena.