Ombi Namba Saba

Kwa miaka kumi na miwili Gundi alibandika soli za viatu katika chumba kisicho na dirisha. Jina lake la ubatizo lilijulikana kwa mkewe na kwa karani wa mishahara tu. Wengine wote walimwita Gundi, maana harufu ya kazi ilikuwa imemganda hata Jumapili, shati likiwa limepigwa pasi. Mlango wa chumba hicho ulifungwa kwa nje. Kiwanda kiliogopa wezi, basi mlinzi aliufungua saa nne, saa saba na saa kumi na moja, na ukibanwa na haja katikati, shauri lako.

Gundi alijua mahali alipopaswa kuwa, na hilo ndilo lililomtesa. Miaka minne nyuma alimtengenezea shemeji yake, mdogo wa mkewe, jozi ya viatu, cha kushoto kikiwa na soli nene kuliko mwenzake. Binti yule alizaliwa na mguu mmoja mfupi na maisha yake yote alikuwa akichechemea. Alivivaa, akavuka sebule, akarudi, akavuka tena, halafu akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi. Siku hiyo Gundi alisikia moyoni, wazi kabisa, kwamba kazi yake ni hii: afungue karakana, awashonee viatu watu ambao miguu yao hakuna kiwanda kinachoijali.

Akafanya nini? Akaomba ishara.

Msinielewe vibaya, kuomba ni jambo jema. Lakini Gundi aliomba kama mtu anayejifunika blanketi asubuhi asiamshwe. Alimwambia Mungu, kama ni wewe kweli, niletee mteja nisiyemjua. Haikupita wiki, akaja mama mmoja mwenye kisigino kilichopinda. Gundi akamshonea, akashukuru, kisha akaomba aje wa pili, na safari hii awe mwanamume. Akaja mwanamume, tena mwalimu. Akaomba mahali pa kufanyia kazi. Wazee wa kanisa wakampa stoo ya viti vibovu, aitumie bure mwaka mzima. Gundi akapokea ufunguo, akauning'iniza msumarini nyumbani, akaomba uthibitisho.

Kila Jumatano kikundi cha maombi kilikutana kanisani, na katibu alisoma maombi ya watu kutoka kwenye daftari. Namba saba ilikuwa "Ndugu Gundi, mwongozo." Daftari la kwanza lilijaa, ombi likahamishiwa la pili; la pili likajaa, likahamia la tatu. Wagonjwa walipona, mabinti waliolewa, hata mzee mmoja aliyekuwa akiombewa aache pombe aliiacha. Namba saba haikusogea hata hatua moja.

"Haraka haraka haina baraka," Gundi alimwambia mkewe, Mama Pacha.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama Pacha alimjibu bila kugeuka, mwiko mkononi.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Hicho kicheko mbona hakijafika kwetu, Baba Pacha? Mwaka wa nne huu nakingoja."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mvi, kama meneja asingemwita Jumatatu moja na kumwambia amepandishwa cheo. Angekuwa msimamizi wa chumba cha gundi, kwa mkataba wa miaka mitano, asaini Ijumaa. Kulikuwa na kifungu kimoja ambacho Gundi alikisoma mara tatu: msimamizi haruhusiwi kushona kiatu cha mtu yeyote nje ya kiwanda, hata cha ndugu yake. Akaukumbuka ufunguo ulioning'inia msumarini. Na bado, aibu iliyoje, kipande fulani cha moyo wake kilishusha pumzi. Akisaini, hatahitaji kujiuliza tena.

Jumatano alifika mapema, akaketi mbele. Kiongozi wa kikundi alikuwa mkunga mstaafu, bibi mnene mwenye mikono mipana, na wote walimwita Mkunga tu.

"Namba saba," katibu akasoma. "Ndugu Gundi, mwongozo."

Gundi akasimama. "Wapendwa, wiki hii jambo langu ni zito. Kuna karatasi ya kusaini Ijumaa. Naomba tufunge na kuomba, Bwana aseme waziwazi."

Watu wakaanza kupiga magoti. Mkunga hakunyanyuka kitini.

"Kaeni," akasema. "Hili leo hatuombi."

Katibu alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Mimi nimezalisha miaka thelathini na mitano," Mkunga akaendelea. "Mimba ni miezi tisa. Yako ina miaka minne, na kila Jumatano unataka tumwulize Mungu kama kweli unayo. Mwanangu, tumbo tunaliona!"

Mtu wa nyuma alicheka, akasingizia kikohozi.

"Mama, mimi naogopa kumtangulia Mungu," Gundi akasema.

"Humtangulii. Yeye alishaondoka, wewe ndiye uliyebaki. Unaogopa njaa. Basi sema njaa! Kuogopa njaa si dhambi, ila usiifiche nyuma ya jina la Mungu."

Akachukua kalamu ya katibu, akapiga mstari juu ya namba saba, akaomba isomwe namba nane.

Gundi alirudi nyumbani amefura kwa hasira, akamsimulia Mama Pacha neno kwa neno akitarajia amtetee. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za watoto.

"Na wewe huogopi?" Gundi akamuuliza.

"Naogopa sana. Pacha wanaingia sekondari mwakani. Lakini naogopa zaidi kuzeeka na mtu anayenihadithia kazi aliyoitiwa asiifanye."

"Basi niambie nifanye nini."

"Nikikuambia, nitakuwa ishara nyingine."

Ijumaa saa tatu asubuhi Gundi aliketi mbele ya meza ya meneja, karatasi mbele yake, kalamu mkononi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akatafuta moyoni ile amani ambayo watu huishuhudia kanisani, asikute kitu ila hofu.

"Bosi," akasema, "naomba kwanza niliweke kwenye maombi. Mpaka Jumatatu."

Meneja hakuchukia. Alitabasamu kwa upole wa kweli.

"Nilijua utasema hivyo. Chukua hata mwezi, kaka. Wale wenye vyeti niliwaacha kwa sababu wana haraka, leo wapo, kesho wamehama. Wewe ndiye mtu ninayemtaka. Wewe najua huendi popote."

Alikuwa anamsifu. Ndiyo maana maneno yale yalimchoma Gundi kuliko yote ya Mkunga. Alingoja amani kidogo tena, kwa mazoea. Haikuja. Akaweka kalamu mezani.

"Hapana, bosi." Sauti ilimtoka nyembamba.

"Hapana nini?"

"Sisaini. Na Jumatatu siji."

"Umepata kazi wapi?"

"Sijapata. Nimeitwa."

"Umeitwa lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Meneja alimkazia macho akitafuta utani usoni mwake, asiuone.

Nje ya geti jua lilikuwa kali. Hakusikia sauti wala furaha. Alisikia hofu ileile, ila sasa ilikuwa naye barabarani. Akafungua kinywa amwombe Bwana athibitishe, akakifunga. Kisha akasema kwa sauti, mpaka mama mmoja mpita njia akageuka kumtazama:

"Bwana, nimeshatoka. Usiniache."