Visigino vya Mawifi

Mashine iligonga kisigino cha wifi yangu, tak-tak-tak, kama fundi anayepigilia soli, naye akanibana mkono mpaka pete ikanichoma.

"Ukicheka tu, tutagombana," alisema.

Sikucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa mguu peku, nikingoja kuitwa chumba cha pili cha kliniki, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Saluni ilikuwa yetu sote: yeye akisuka, mimi nikiosha na kukausha. Miaka ya kusimama kwenye vigae ilitufikisha mahali pa kuamka asubuhi na kushuka kitandani kama tunaokanyaga misumari. Hapo tu ndipo tulipopatana. Tangu kaka yake anioe, nikisema moto, yeye husema baridi. Basi yeye akachagua mashine hiyo ya mawimbi ya kugonga kisigino, mimi mazoezi. Daktari alituonya, "Mashine hutuliza maumivu; nguvu za mguu mtazijenga wenyewe." Wifi alisikia nusu ya kwanza.

Na kweli alinitangulia kupata nafuu. Baada ya wiki chache alikuwa akizunguka viti vya wateja kama pia, huku mimi nikipanda na kushuka kwenye ngazi ya mlangoni kwa ncha za vidole.

"Unachungulia nini huko juu?" alinitania.

Nilimwonea wivu, sikatai. Lakini mwili wangu naujua: hausikii amri, husikia mazoea. Sikuacha.

Siku ya harusi moja kubwa, saluni ilijaa tangu alfajiri. Kufikia adhuhuri nilimwona wifi ameegemea sinki, uso umemsawijika. Maumivu yamerudi, na kichwa cha bibi harusi kimefika nusu.

"Usimwambie mtu," alininong'oneza.

Nilimvutia kiti, nikachukua kitana mkononi mwake. Hakuwahi kuniachia kichwa cha bibi harusi. Alisema mikono yangu ni ya maji. Nikasuka, naye akinitazama kama askari wa zamu. Nilisimama mpaka alasiri ikaingia, na kisigino changu kikanyamaza kimya.

Bibi harusi alipotoka kwa vigelegele, niliketi mbele ya wifi, naye akavuta pumzi ndefu.

"Hapo nyuma umekaza mno."

"Sawa, wifi."

Akavua kiatu, akaupandisha mguu mapajani mwangu, macho kayaelekeza dirishani.

"Haya," akasema. "Nifundishe."