Nyayo za Penseli

Asubuhi hiyo binti wa seremala alifagia maranda, akaegemeza ubao mpana ukutani, akaanza kuchora vyombo vya baba yake kwa penseli: nyundo, randa, patasi, kila kimoja na umbo lake na msumari wa kukitundikia. Baba alikuwa amemwahidi. "Ukiipanga karakana hii ikapangika, mama, meza ya dirishani ni yako."

Alichora mpaka vidole vikauma, moyo unamruka. Msumeno mdogo haukuwepo. Jirani aliuazima zamani akajisahaulisha. Akauchora kwa kukumbuka. Chai haijapoa, msumeno uliingia mlangoni, ukapita juu ya kichwa cha baba, ukajitundika.

"Umerudi," baba alisema. "Hebu chora na pimamaji."

Pimamaji ilikuja na utando wa buibui. Tupa ikaja mbio. Nyuma yake akaingia jirani, anahema.

"Si ungeniambia tu, fundi? Nilikuwa katikati ya ubao!"

"Miaka yote hiyo, ubao mmoja?" binti alimuuliza, na wote wakacheka, hata jirani.

Kila chombo kilipopata mahali pake, kikabaki kipande cha sakafu tu, binti alivua ndala, akasimama mbele ya meza ya dirishani, akazichora nyayo zake hapo sakafuni.

Jioni kaka yake alipiga simu: kazi ya mjini imemshinda, anarudi.

"Basi ile meza tumwekee kaka yako," baba alisema. "Wewe utaolewa, uniachie meza tupu?"

Mama yake alimwita binti jikoni, akaenda. Akiwa anamenya vitunguu, miguu yake ilimgeuza, ikamvusha ua, ikamsimamisha juu ya nyayo zile, kisu mkononi. Mama alimfuata na sufuria.

"Menyea hapo hapo, basi."

Kaka alifika, akajaribu kusimama pale. Nyayo hazikumtosha, zikamsukuma taratibu hadi mlangoni. Akaona afadhali, akavuta kiti, akakaa nje.

Binti akatengeneza makabati, viti, kitanda cha maharusi. Patasi ilimfikia mkononi kabla hajageuka, ikimaliza ikarudi ukutani. Alipiga randa huku anaimba.

Wateja walipoisifu kazi, baba aliwaonyesha mlangoni. "Ya kijana wangu yule. Huyu dada yake anamshikia nafasi tu."

Binti alipuliza vumbi la mbao sakafuni, akainama na penseli, akazikoleza nyayo pale zilipoanza kufutika.